Mbwa mdogo wa Congo na ukoko wa bugali: historia ya basenji na chakula chake

Wakaaji wa Ituri, Tshopo na Haut-Uele wanamfahamu tangu zamani: mbwa mdogo mwenye masikio ya kusimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo na makunyanzi kwenye paji la uso. Urefu wake begani ni sentimita 40 hadi 43, uzito kilo 10 hivi. Habweki kama mbwa wengine, bali anatoa sauti kama ya mtu anayejaribu kuimba. Kwa wawindaji wa msituni yeye ni mbwa tu, hana jina la kabila. Ulaya na Marekani wanamuita basenji, wanamnunua kwa feza nyingi na kumpimia chakula kwa mizani.

Jina hilo haliwezi kumfurahisha mzee aliyekulia chini ya Wabelgiji. Basenji ni neno washenzi lililopita katika kinywa cha Lingala na Kiswahili cha kwetu. Wakati wa ukoloni waliitwa hivyo watu wa kijijini, wasiojua kusoma, wasio na viatu. Mwaka wa 1948 serikali ya koloni ilianzisha kadi ya sifa ya uraia, na mwaka wa 1952 ikaongeza cheti kingine kwa wale walioitwa évolués. Aliyeomba karatasi hizo alichunguzwa maisha yake yote, mpaka namna familia inavyoishi na kula nyumbani. Asiyepata alibaki musenji. Tusi hilo hilo ndilo lililoandikwa katika vitabu vya mbwa huko Uingereza, na mpaka leo lingali pale.

Msituni, mbwa huyu alikula kwa jasho lake. Wambuti wa Ituri wanamfunga shingoni kengele ya mti, kwa sababu habweki na mwindaji lazima ajue yuko wapi. Anaingia kwenye vichaka, anaamsha mnyama na kumsukuma kuelekea nyavu. Nyama ikigawanywa, mwenye mbwa ana fungu lake, na mbwa anaambulia matumbo, damu na mifupa. Siku ambayo msitu haukutoa kitu, anakula maganda, ukoko wa chungu na chochote anachookota. Hakuna aliyempikia peke yake, na wengi wao walikuwa wembamba kiasi cha kuhesabika mbavu. Si vizuri kulificha jambo hilo kwa sifa za mila.

Mbwa wa Ulaya nao waliishi hivyo hivyo kwa karne nyingi: mkate mkavu, mchuzi uliobaki, mifupa. Mabadiliko yalianza London karibu mwaka wa 1860. Mmarekani mmoja, James Spratt, alitengeneza biskuti za mbwa kwa unga wa ngano, mboga na nyama iliyokaushwa, akaziuza kwa matajiri wenye mbwa wa kuwinda. Inasimuliwa kwamba alipata wazo hilo bandarini, alipoona mbwa wakigombania biskuti ngumu za mabaharia. Biashara ikakua. Kijana mmoja aliyeanza kama karani mdogo dukani kwake, Charles Cruft, akawa mchuuzi mkubwa wa biskuti hizo, na mwaka wa 1891 akafungua London maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake hadi leo.

Hapo ndipo Congo inaingia katika habari. Mwaka wa 1895, kwenye maonyesho hayo ya muuza biskuti, walionyeshwa mbwa wawili waliotoka kwetu, wakati nchi yote ilikuwa bado mali ya mfalme Léopold II na watu wa vijijini wakifukuzwa msituni kutafuta kauchu. Watu wa London walikuja kuwatazama. Haukupita muda mrefu, mbwa wote wawili wakafa. Hawakufa njaa. Waliuawa na ugonjwa wa virusi ambao Wafaransa wanauita maladi ya Carré, ambao miili yao haikuwa na kinga dhidi yake.

Jaribio lililofuata lilikwama namna hiyo pia. Mwaka wa 1923 mwanamke mmoja Mwingereza alichukua mbwa sita kutoka Sudan, nao wakafa baada ya kuchanjwa dhidi ya ugonjwa huo huo. Ni Bibi Olivia Burn aliyefaulu kuwatunza, baada ya kuwatoa Congo mwaka wa 1936. Mwaka wa 1937 aliwaonyesha kwenye maonyesho ya Cruft, mara ya kwanza kwa jina la basenji. Wengi wa watoto wao walikufa pia, lakini mbegu ilibaki.

Mbegu hiyo ilikuwa ndogo mno. Mbwa wote wa Ulaya na Marekani walitoka kwa wazazi wachache, wakazaana ndugu kwa ndugu, na kufikia miaka ya 1980 wengi walikuwa na ugonjwa wa figo unaopoteza sukari na madini kwenye mkojo. Biskuti haikuweza kuutibu. Basi mwaka wa 1987 na wa 1988 wafugaji wa Marekani walifunga safari hadi kaskazini-mashariki mwa Zaire, wakaenda vijijini kutafuta mbwa wapya. Waliwakuta kwa watu wanaokula muhogo na nyama ya msituni, mbwa wasiowahi kuonja chakula cha kiwanda. Mwaka wa 1990 daftari la mbwa la Marekani lilifunguliwa ili kuwaandika. Mbwa aliyelishwa ukoko ndiye aliyeitwa kumwokoa yule wa biskuti.

Je, ukoko huo unamfaa kweli? Mwaka wa 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa-mwitu, ana nakala nyingi za kijeni kinachomsaidia kusaga wanga. Ni matunda ya maelfu ya miaka ya kukaa karibu na jiko la mtu. Kwa hiyo bugali si kosa. Kosa ni bugali peke yake kila siku, bila samaki wala yai, kwa sababu mbwa anahitaji nyama zaidi kuliko sisi.

Mambo haya yana uzito wa pekee kwa familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru au Djugu. Mahali ambapo mtoto anapata sahani moja kwa siku, mwenye kumpa mbwa bugali mzima anachekwa, na wanaocheka hawana kosa. Lakini mbwa asiyepewa kitu anazurura kwenye takataka, anapigana, anauma, na kichaa cha mbwa karibu kila mara kinamfikia mtu kupitia meno ya mbwa. Aliyeumwa anaosha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha anakimbilia kituo cha afya siku hiyo hiyo kutafuta chanjo, kwa maana dalili zikishaanza hakuna dawa. Chakula hakimkingi mbwa na kichaa, chanjo ndiyo inayomkinga. Chakula kinamfanya abaki karibu na mlango.

Chungu cha mbwa kinaweza kujazwa bila kugusa sahani ya mtoto. Ukoko unaloweshwa kwa maji ya kuchemshia maharagi, kabla chumvi haijaingia. Vichwa vya sambaza, ambavyo watoto wengi huviacha pembeni, vinachemshwa na kuchanganywa humo. Lenga-lenga kidogo au kipande cha boga vinasaidia tumbo. Fungu la mbwa linatolewa kabla ya kitunguu na kitunguu saumu, kwa sababu hivyo viwili vinaharibu damu yake, hata vikipikwa. Muhogo mchungu usipewe ukiwa mbichi. Sumu inayotusumbua sisi inamuua na yeye. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama miiba na kutoboa matumbo, ingawa vijijini wengi wangali wanaitupa chini bila kufikiri. Shokola pia ni sumu kwake, japo hiyo haionekani sana kambini.

Hata biskuti ya Spratt inawezekana kwenye mbabula. Vichwa vya sambaza vikavu vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa mahindi mara mbili ya kiasi chake na maji ya moto hadi donge lishikane. Ndakala zenye chumvi lazima zioshwe kwanza na kulowekwa usiku mzima. Yai likiwepo linaingia, lisipokuwepo hakuna shida. Vipande vidogo kama kucha ya kidole gumba vinapangwa ndani ya sufuria kavu iliyofunikwa, juu ya makala yaliyopungua moto, vikigeuzwa mpaka viwe vigumu. Ni zawadi ya kumfundisha mbwa kuja anapoitwa, si chakula: kwa mbwa wa kilo 10, isizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku. Zikikauka vizuri zinakaa wiki moja. Wakati wa mvua zinaota ukungu mapema, na zenye ukungu hutupwa, hata kuku wasipewe.

Ikumbukwe kwamba katika karatasi za shirikisho la kimataifa la mbwa, asili ya basenji imeandikwa Afrika ya Kati, na nchi yenye kusimamia sifa zake ni Uingereza.