Taa za UV za matangi ya samaki: Mambo ya kujua kabla ya kuagiza mzigo

KISENYI, Kampala – Mfanyabiashara anayeleta Kisenyi katoni za taa za UV za kusafishia maji ya samaki wa mapambo anabeba bidhaa ndogo inayoweza kumletea hasara kubwa akiichagua vibaya. Taa hiyo ni ya kioo, aina nyingi zina zebaki ndani, na mteja aliyeuziwa kwa ahadi kwamba itatibu kila ugonjwa wa samaki hurudi dukani kudai fedha zake. Lakini muuzaji anayejua kazi ya kifaa hiki na mipaka yake hujipatia mteja wa kudumu, kwa kuwa taa hubadilishwa takriban kila mwaka.

Kisenyi, iliyo katikati ya jiji karibu na soko la Owino, inajulikana kwa vinu vya kusaga mahindi, karakana za vyuma, maduka ya wafanyabiashara Wasomali na vituo vya mabasi. Bidhaa zinazoingia Kampala kupitia Mombasa au Dar es Salaam huendelea kwenda Sudan Kusini, Kongo na Rwanda. Makala haya yanaeleza jinsi kifaa kinavyofanya kazi, namna ya kukichagua, na mambo ya forodha na usafirishaji ambayo mwenye mzigo anapaswa kuyajua mapema.

KIFAA CHENYEWE

Kifaa cha UV cha tangi la samaki kina sehemu nne: taa, bomba la kioo cha kwatzi linaloikinga taa isiguswe na maji, ganda la plastiki au chuma ambamo maji hupita, na choki inayoendesha taa. Pampu husukuma maji kutoka kwenye tangi, yakapita kando ya taa, kisha yakarudi.

Kinachofanya kazi ni miale ya urujuanimno yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 254 hivi, ambayo jicho haliioni. Mwanga wa buluu hafifu unaoonekana ni sehemu ndogo tu ya kinachotoka kwenye taa. Miale hiyo huharibu chembe za urithi za vijidudu, navyo hushindwa kuzaliana.

Ujuzi huu si mpya. Mwaka 1877 wanasayansi Waingereza Downes na Blunt walionyesha kwamba mwanga wa jua huua bakteria, na mwaka 1910 mji wa Marseille, Ufaransa, ulijaribu kutumia taa za urujuanimno kusafisha maji ya kunywa. Teknolojia hiyo hiyo sasa inapatikana katika kifaa cha wati chache cha nyumbani.

KINACHOWEZA NA KISICHOWEZA

Kanuni moja inatosha kumwongoza muuzaji: taa husafisha maji yanayopita ndani yake tu. Haigusi kilicho juu ya samaki, kwenye changarawe au kwenye kuta za tangi.

Kazi inayofanya vizuri zaidi ni kuondoa maji ya kijani. Rangi hiyo husababishwa na mwani mdogo unaoelea, na mwani huo ukipita mara kwa mara mbele ya taa hufa. Kwa kawaida maji hung'aa ndani ya siku chache hadi wiki moja. Mwani uliokufa hubaki kuwa uchafu, hivyo kichujio lazima kisafishwe katika siku hizo.

Taa hupunguza pia bakteria na vimelea vinavyoelea. Ugonjwa wa madoadoa meupe, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius, ni mfano mzuri wa mipaka yake. Kimelea hicho kina kipindi cha kuogelea kikitafuta samaki, na hapo ndipo taa inaweza kukidhuru. Kikishajichimbia kwenye ngozi ya samaki, taa haikifikii. Kwa sababu hiyo taa husaidia kupunguza maambukizi, lakini samaki mgonjwa bado anahitaji dawa.

Aidha, taa haiondoi amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichooza. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wazuri wanaoishi ndani ya kichujio, na kwa kuwa wamejishika kwenye sponji na mawe, taa haiwaui. Wakati wa kutia dawa ndani ya tangi taa huzimwa, kwa sababu miale huvunja baadhi ya dawa kabla hazijafanya kazi.

MAJI YA KAMPALA

Maji ya bomba ya Kampala hutolewa na Shirika la Taifa la Maji na Majitaka (NWSC), na sehemu kubwa huchotwa Ziwa Victoria, ikiwemo katika mitambo ya Ggaba. Mfereji wa Nakivubo, unaopita katikati ya jiji, huteremsha majitaka na maji ya mvua hadi ghuba ya Murchison, ambayo ndiyo iliyo jirani na Ggaba. Uchafu huo hurutubisha mwani katika ghuba na kuongeza kazi ya kusafisha maji.

Maji yanayofika kwenye bomba yametiwa klorini ili yawe salama kwa binadamu. Klorini hiyo hiyo huumiza matamvua ya samaki, na kifaa cha UV cha nyumbani hakiiondoi. Mteja anayejaza tangi kutoka bombani anapaswa kutumia dawa ya kuondoa klorini, au kuyaacha maji wazi kwa siku moja au mbili huku yakipigwa hewa. Muuzaji asiyemweleza mteja jambo hili anaweza kulaumiwa kwa vifo vya samaki ambavyo taa haikuvisababisha.

KUCHAGUA UKUBWA

Ukubwa wa kifaa haupimwi kwa wati pekee. Kiasi cha miale anachopata kijidudu hutegemea nguvu ya taa na muda ambao maji yanakaa mbele yake. Mwendo wa maji ukipunguzwa nusu, muda huongezeka maradufu. Kwa vifaa vya maji ya kunywa, kiwango cha Marekani cha NSF/ANSI 55, daraja A, kinataka milijuli 40 kwa kila sentimita ya mraba. Bakteria wengi hufa kwa kiasi hicho au pungufu, lakini vimelea vikubwa zaidi vya samaki huhitaji zaidi. Hivyo kifaa kimoja kinaweza kutosha kwa maji ya kijani kikiwa na mwendo wa kasi, na kisitoshe kwa vimelea mpaka mwendo upunguzwe.

Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana 40 na kina cha maji 50. Zidisha namba hizo kisha gawa kwa 1,000, utapata lita 200. Pampu inayopitisha lita 200 kwa saa haisafishi tangi lote kwa saa moja, kwa sababu maji yaliyosafishwa huchanganyika na ambayo bado. Baada ya saa moja asilimia 37 hivi ya maji haijapita mbele ya taa hata mara moja. Baada ya saa mbili hubaki asilimia 14, na baada ya saa tatu asilimia 5. Ndiyo maana taa huachwa iwake mfululizo.

Ikumbukwe kwamba lita zilizoandikwa kwenye pampu ni za pampu isiyopandisha maji. Ikipandisha maji hadi juu ya tangi na kupita kwenye kichujio, kiasi halisi hushuka. Kifaa cha UV huwekwa baada ya kichujio, kwa kuwa maji yenye vumbi huizuia miale.

TAA HALISI NA YA KUIGA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mwanga wa zambarau si uthibitisho wa kuua vijidudu. Taa ndogo za LED za nanomita 395 hadi 405 hutoa rangi hiyo, lakini hazifanyi kazi ya taa ya nanomita 254. Taa ya zebaki ya kuua vijidudu ina kioo kisicho na rangi, ambacho mtu huona nyaya za ndani kwenye ncha zake. Mrija uliopakwa rangi nyeupe au zambarau nzito ndani yake ni taa ya kazi nyingine.

Bomba la kukinga taa nalo liwe la kwatzi. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia miale ya nanomita 254, hivyo kifaa chenye bomba la kioo cha kawaida huwaka bila kufanya kazi yoyote ndani ya maji. Zipo pia taa za LED za kizazi kipya zinazotoa miale ya nanomita 260 hadi 280 bila zebaki. Mwenye kuagiza hizo adai karatasi ya vipimo kutoka kiwandani.

Katika taa ndogo za mirija miwili, za wati 5, 7, 9 na 11, kitako cha kawaida ni kile kinachoitwa G23. Ni busara kuchagua vifaa vyenye kitako cha kawaida, kwani mteja akikosa taa ya kubadilisha, kifaa chote hugeuka chuma chakavu.

UMEME NA GHARAMA

Uganda hutumia volti 240 na hezi 50. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani, la volti 120, huungua choki kikichomekwa moja kwa moja. Plagi ya Uganda ni ya pini tatu za pembe, ilhali Kongo hutumia zaidi ya pini mbili za duara. Anayekusudia kuuza pande zote mbili aagize plagi kulingana na soko.

Taa ya wati 9 ikiwaka saa 24 hutumia yuniti 6.5 hivi kwa mwezi, sawa na takriban yuniti 79 kwa mwaka. Taa nyingi za aina hii hukadiriwa kudumu saa 8,000 hadi 9,000, yaani karibu mwaka mmoja. Baada ya hapo huendelea kuwaka kwa buluu ile ile, lakini miale yenye kazi imepungua sana. Mteja asiyejua hilo hudhani taa yake ni nzima. Muuzaji anayeandika tarehe ya mauzo kwenye kifaa na kumkumbusha mteja baada ya miezi 12 huuza taa ya pili, ya tatu na ya nne.

FORODHA NA MIPAKA

Katika orodha ya ushuru, vifaa vya kusafishia maji kwa kawaida huangukia namba 8421.21, na taa za urujuanimno zinazoletwa peke yake 8539.49. Wakala wa forodha athibitishe namba hizo na Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) kabla ya mzigo kuondoka, kwa kuwa kifaa kamili na vipuri vinaweza kutozwa tofauti. Pamoja na ushuru, kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Shirika la Viwango la Uganda (UNBS) lina mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kutoka nchi zilikotengenezwa, na bidhaa za umeme zimo. Cheti kitafutwe huko huko zinakonunuliwa, kwani mzigo usio na cheti hucheleweshwa.

Wapo wafanyabiashara wadogo wanaodhani kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 huvuka mipaka ya Afrika Mashariki bila ushuru. Cheti rahisi cha uasili kinachotumika kwa mizigo hiyo ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Taa iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Uganda kwa sababu imenunuliwa Kisenyi, hata kama inapelekwa Kongo, iliyojiunga na jumuiya mwaka 2022, au Somalia, iliyojiunga mwaka 2024. Mzigo unaokwenda Juba kupitia Elegu, au Butembo kupitia Mpondwe, uwe na nyaraka zake kamili.

USAFIRISHAJI NA USALAMA

Safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Taa zisafirishwe zikiwa zimetolewa ndani ya vifaa, kila moja kwenye boksi lake, na mabomba ya kwatzi yafungwe kando. Katoni zikae juu ya mzigo, zisilaliwe na magunia wala vyuma. Kaguzi ifanyike mbele ya dereva wakati wa kushusha, na zilizovunjika ziandikwe kabla ya hati kusainiwa.

Taa ya zebaki ikivunjika ndani ya gari au stoo, watu watoke, milango ifunguliwe kwa robo saa hivi, kisha vipande viokotwe kwa karatasi ngumu na glavu na kufungwa kwenye chombo chenye mfuniko. Ufagio usitumike, kwa sababu hutawanya zebaki.

Kamwe taa isiwashwe nje ya ganda lake ili kumwonyesha mteja kwamba inafanya kazi. Dakika chache za kuitazama zinaweza kuunguza macho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Jaribio lifanyike ndani ya ganda, kupitia kidirisha cha plastiki ambacho vifaa vingi huwa nacho.

Kabla ya kutuma fedha kwa muuzaji wa nje, mwenye kuagiza apate majibu ya maandishi kwa maswali haya:

- Taa hutoa miale ya nanomita ngapi?
- Bomba la kukinga ni la kwatzi?
- Volti, hezi na aina ya plagi ni zipi?
- Kitako cha taa ni cha aina gani, na taa za akiba zinauzwaje?
- Mwendo wa maji unaopendekezwa ni lita ngapi kwa saa, kwa mwani na kwa vimelea?
- Nani analipia zitakazovunjika njiani?

Kwa kila vifaa 10, ni vyema kuagiza angalau taa 10 za akiba na mabomba machache ya kwatzi, ili mteja anayerudi baada ya mwaka akute alichokifuata.