Mawimbi ya Busua na Elimu ya Bahari

Wako vijana wengi siku hizi wapangao safari ya kwenda katika mji mdogo wa pwani ili kupanda mawimbi kwa ubao. Hutazama ramani, huuliza nauli, huchagua mwezi, kisha hufunga mizigo. Katika Afrika Magharibi, mji mmoja unaotajwa sana na wasafiri wa namna hiyo ni Busua, ulioko katika Mkoa wa Magharibi wa nchi ya Ghana. Wageni huusifu kwa utulivu wake: ufuko mrefu wa mchanga, minazi, mitumbwi ya wavuvi, na mawimbi yasiyomtisha mtu ajifunzaye. Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba safari ya namna hiyo haiwezi kupangwa vema na mtu asiyeijua historia ya mawimbi yenyewe. Historia hiyo ni ya Waafrika, na ndani yake limo funzo kwetu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki.

Yafaa kwanza tulinganishe pwani hizi mbili. Pwani yetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, imekingwa katika sehemu nyingi na miamba ya matumbawe. Wimbi litokalo bahari kuu huvunjika juu ya mwamba, na ndani ya mwamba maji hubaki shwari. Tena tumejaliwa bandari za asili, kama vile Kilindini na Dar es Salaam, ambamo chombo huingia na kutia nanga bila taabu. Pwani ya Ghana sivyo ilivyo. Hapo bahari haina mwamba wa kuizuia. Mawimbi yaliyozaliwa na tufani za mbali, huko kusini mwa Bahari ya Atlantiki, husafiri siku nyingi na kuja kuvunjikia mchangani. Na bandari za asili zilizo kubwa na salama hapana.

Kwa hiyo, tangu Wareno walipojenga ngome ya Elmina mwaka 1482, merikebu za Ulaya zilitia nanga mbali na ufuko, na Wazungu wakawa hawana njia ya kufika nchi kavu ila kwa hisani na ustadi wa wenyeji. Watu wa makabila ya Fante, Ga na Ahanta walikuwa na mitumbwi iliyochongwa kwa magogo makubwa. Walijua kwamba mawimbi huja kwa makundi, na kwamba baada ya kundi la mawimbi makubwa hufuata kipindi kifupi cha nafuu. Nahodha alisimama nyuma akiitazama bahari. Wapiga makafi walingoja kauli yake. Aliponena, walivuta kwa nguvu zote, na chombo kikapanda juu ya mgongo wa wimbi na kuletwa nalo hadi mchangani. Aliyekosea alipinduliwa, na mzigo ukapotea pamoja na roho za watu.

Hatuna budi kusema pia jambo la uchungu. Mitumbwi hiyohiyo iliyoleta nguo na vyombo vya chuma ndiyo iliyowapeleka mateka kwenye merikebu za watumwa. Ustadi ule ulitumiwa na biashara ile, kama vile misafara ya pwani yetu ilivyobeba pembe pamoja na wanadamu. Historia ya utamaduni isemayo mazuri tu si historia.

Sasa, elimu hii ilifundishwa wapi? Ilifundishwa katika mchezo. Mjerumani mmoja, Michael Hemmersam, aliyetumika katika pwani hiyo miaka ya 1640 chini ya kampuni ya Waholanzi, aliandika kwamba wazazi waliwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatia majini. Naye Mfaransa Jean Barbot, mwishoni mwa karne ya 17, aliwaona watoto wa Elmina wakijifunza kuogelea kwa vipande vya mbao na matita ya matete yaliyofungwa chini ya matumbo yao. Katika miaka ya 1830 Mskoti James Alexander aliwakuta wavulana wa Accra wakiogelea kuelekea bahari kuu na mbao nyepesi, wakilingoja wimbi, kisha wakirudi ufukoni juu yake. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu alichokitoa mwaka 2018, amekusanya ushahidi mwingi wa jambo hili.

Twende pole pole hapa, kwani tarehe zina uzito. Vitabu vingi husema kwamba kupanda mawimbi ni mchezo wa visiwa vya Pasifiki, na kwamba Wazungu waliuona mara ya kwanza huko Tahiti mwaka 1769, na Hawaii miaka michache baadaye. Sifa ya watu wa Hawaii ni ya haki. Wao waliukuza mchezo huu kuliko wote, wakasimama wima juu ya mbao ndefu, wafalme kwa raia. Lakini mambo aliyoyaona Hemmersam yametangulia safari ya Tahiti kwa zaidi ya miaka 120. Watu wa Afrika hawakujifunza kwa watu wa Pasifiki, wala hao hawakujifunza kwa Waafrika. Kila taifa lilifundishwa na bahari yake.

Iwapo ni hivyo, mbona habari hii ilisahaulika? Jawabu limo katika historia ya bandari. Tangu mwaka 1911 nchi hiyo, iliyoitwa wakati ule Pwani ya Dhahabu, iliongoza duniani kwa kuuza kakao. Magunia ya kakao yalivushwa juu ya mawimbi na wapiga makafi, kama zamani. Kisha bandari ya Takoradi ikafunguliwa mwaka 1928, na bandari ya Tema mwaka 1962, wakati wa Rais Kwame Nkrumah. Kwa uchumi wa taifa, bandari hizo zilikuwa maendeleo makubwa, na sisi hatulaumu. Ila mashua za mawimbi za Accra zilikosa kazi, na elimu iliyodumu kwa karne nyingi ikaanza kuonekana kama kitu cha wavuvi na watoto tu. Miaka michache tu ikapita. Mwaka 1966 filamu moja ya Kimarekani ikatembezwa duniani, ikiwaonyesha vijana wawili wa California waliofika Ghana na mbao zao, na watazamaji wengi wakaamini kwamba wao ndio walioupeleka mchezo huo huko. Nafasi iliyoachwa wazi na mwenyewe hujazwa na mgeni.

Hata utulivu wa Busua wataka kuangaliwa kwa makini. Mji huo ni makao ya ufalme wa Ahanta. Mfalme wao, Badu Bonsu wa Pili, alipigana na Waholanzi, akakamatwa na kunyongwa mwaka 1838, na kichwa chake kikapelekwa Uholanzi. Kilihifadhiwa mjini Leiden ndani ya chupa ya dawa mpaka kiliporudishwa Ghana mwaka 2009. Mtalii alalaye kwenye kivuli cha mnazi akasema kwamba hapa hapana kilichowahi kutokea, amedanganywa na ukimya. Maji usiyoyafika hujui kina chake.

Basi, apangaye safari na aipange hivi. Ajue kwamba mawimbi makubwa huja katikati ya mwaka, tufani za kusini zinapochacha. Ajue pia kwamba kati ya Julai na Septemba maji baridi hupanda kutoka kilindini, na samaki wa jamii ya dagaa hujaa. Ndio wakati wavuvi wanapokuwa na kazi nyingi kuliko wakati wowote. Mtumbwi unaorudi na nyavu una haki ya wimbi kabla ya ubao wa mchezaji. Na ajue kwamba katika sehemu kubwa ya pwani ya Ghana wavuvi hawaendi baharini siku ya Jumanne, kwa mila yao ya kuipumzisha bahari. Siku hiyo nyavu hushonwa, na wazee huwa na nafasi ya kuzungumza. Hiyo ndiyo siku njema ya kuuliza.

Turudi nyumbani. Mwaka uleule wa 1962, Tanganyika iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ili tutafute tulichonacho kabla ya kuazima cha wengine. Sisi tuliokulia pwani tulichonga vingalawa vya mti mwepesi tukavishindanisha majini, na katika mashindano hayo tukajifunza kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, mkondo na mlango wa mwamba. Hatukujua kwamba tulikuwa darasani. Leo mashine zimeingia katika vyombo, na hilo ni jema. Lakini wako watoto wa pwani wasioweza kutaja upepo unaovuma nje ya madirisha ya shule yao.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa historia wasiishie kwenye tarehe za ngome na mikataba. Wawatume wanafunzi ufukoni na daftari, wawaulize manahodha majina ya pepo, nyota na mawimbi, wayaandike pamoja na majina ya waliowaeleza. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka iwahiwe tu, maana wajuao wanazidi kupungua.