Fundi Redio na Historia ya Ukarabati wa Vifaa vya Kielektroniki Tanzania

Taka za kielektroniki, yaani vifaa vya umeme au vya betri ambavyo mwenyewe ameacha kuvitumia na akavitupa, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba suala lake lilizaliwa pamoja na simu za mkononi na kompyuta, ilhali nchini Tanzania kazi ya kurefusha maisha ya vifaa hivyo ilitangulia kwa miongo kadhaa, nayo ilikuwa mikononi mwa fundi redio. Historia ya fundi huyo inaonyesha kwamba ukarabati ulistawi pale kifaa kilipofunguka na spea zilipopatikana, na kwamba masharti hayo mawili yalipokosekana, marundo ya taka yaliongezeka.

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, redio zilizotumika zilikuwa za vali, yaani mirija ya kioo iliyoondolewa hewa ndani, ambayo kazi yake ilikuwa kukuza mawimbi hafifu ya umeme. Kwa kuwa zilikuwa nzito, ghali na zenye kula umeme mwingi, wachache tu waliweza kuzimiliki. Transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947, ilifanya kazi ileile ya vali kwa umbo dogo na umeme kidogo, hivyo redio ya betri kavu ikafika hata kwenye vijiji visivyo na nguzo ya umeme. Baada ya uhuru, redio za Philips na National ziliunganishwa katika viwanda vya Arusha na Dar es Salaam.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda na vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda vya mwaka 1978 hadi 1979 vilipomaliza akiba ya fedha za kigeni, bidhaa za viwandani ziliadimika, na redio iliyoharibika haikuwa kitu cha kutupwa. Fundi alipima transista moja moja kwa mita, akaing'oa iliyokufa kwa kuyeyusha lehemu, ambayo ni mchanganyiko wa bati na risasi, kisha akachomeka nyingine iliyotolewa kwenye redio isiyotengenezeka. Uzi unaovuta mshale wa stesheni ulipokatika alifunga mwingine, na karatasi ya spika iliyochanika aliiziba kwa gundi. Redio mbovu iliyowekwa chini ya meza yake ilikuwa ghala la spea, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho leo kingehesabiwa kuwa taka ilirudi kazini kabla ya kufika jalalani.

Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na biashara ikazidi kufunguliwa katika miaka iliyofuata, redio, televisheni na baadaye simu, mpya na za mtumba, zilijaa madukani, na Kariakoo jijini Dar es Salaam ikawa kitovu cha wauzaji na mafundi simu. Hata hivyo, kazi ya transista nyingi ilikuwa imekusanywa ndani ya chipu moja isiyofunguka, betri na vioo vikabandikwa kwa gundi, na fundi akalazimika mara nyingi kubadilisha bodi nzima badala ya kipande kilichoharibika. Maamuzi ya kisera nayo yalichangia: Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia mwezi Juni 2016, kwa nia ya kuwalinda watumiaji, simu ambazo mpaka siku hiyo zilikuwa zikipiga na kupokea zilipoteza kazi yake kuu bila kuharibika.

Hapo ndipo mpaka wa ukarabati unapoonekana, kwa sababu fundi huchukua kinachomfaa na kuacha mabaki, na mabaki hayo yanahitaji urejelezaji, yaani kukivunja kifaa ili malighafi zake zitumike upya. Wachoma nyaya hupata shaba ya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini moshi wa plastiki huwadhuru wao na majirani, na kioo cha televisheni za zamani, chenye risasi, hakina mnunuzi. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ulipiga marufuku kuingiza taka hatarishi barani Afrika, na kanuni za Tanzania za mwaka 2021 zikaweka utaratibu wa kudhibiti taka za vifaa vya umeme na elektroniki ndani ya nchi.

Utaratibu wowote wa ukusanyaji, hata hivyo, utategemea watu ambao tayari wanavipokea vifaa hivyo kila siku. Mabaki mengi hupitia mezani kwa fundi kabla ya kufika kwingine, na kama hakuna anayemlipa kwa bodi na betri asizozihitaji, hana sababu ya kuzitenga na taka nyingine.