Wa Pili Mara Tatu

Masako Katsura alishika nafasi ya pili mara tatu katika mashindano ya taifa ya Japani ya biliadi ya kingo tatu. Hakupata kuwa bingwa. Ubao wa mabingwa huandika jina moja kwa mwaka, na aliyefika mlangoni mara tatu hana tofauti na ambaye hakutoka nyumbani.

Uzito wa nafasi hiyo hauonekani mpaka mtu aujue mchezo wenyewe. Meza ya pool ya baa zetu ina mashimo sita na mipira kumi na mitano ya kutumbukiza. Meza ya kingo tatu haina hata shimo moja. Ina mipira mitatu tu. Unaupiga wako, nao lazima uiguse mingine yote miwili, lakini kabla haujaugusa wa mwisho uwe umekwisha kugonga kingo za meza mara tatu au zaidi. Ukifanikiwa unapata pointi moja na kuendelea. Ukikosa unampisha mwenzako. Mchezaji mzuri sana wa zama zile alikuwa na wastani wa pointi moja hivi kwa kila zamu. Mechi ya pointi 50 ilikuwa kazi ya jioni nzima, na sehemu kubwa ya jioni hiyo watu walikuwa wanakosa.

Katsura alizaliwa Tokyo mwaka 1913. Shemeji yake alikuwa na ukumbi wa biliadi, na humo ndimo binti huyo alimoanzia kazi akiwa na miaka kumi na minne. Kazi hiyo haikuwa ya ajabu. Kumbi za Japani ziliajiri wasichana wa kuwahesabia wateja pointi. Walisimama kando ya meza mchana kutwa, wakitazama wanaume wakicheza. Wengi waliishia kuhesabu. Huyu alichukua fimbo. Baadaye alifundishwa na Kinrey Matsuyama, mchezaji aliyekwisha kupambana na vigogo wa Marekani kwenye meza zao wenyewe. Hapo ndipo alipoanza kuhesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima, wanaume kwa wanawake, na zile nafasi tatu za pili ni ushahidi wa hilo.

Vita vikapita, Japani ikashindwa, Wamarekani wakaingia. Katsura akawa anawaonyesha askari wao ustadi wake. Mmoja wao, Vernon Greenleaf, akamwoa mwaka 1950, na mwishoni mwa mwaka uliofuata wakahamia California.

San Francisco alikuwapo mzee wa mchezo huo, Welker Cochran, bingwa wa zamani wa dunia, mwenye ukumbi wake. Habari za mwanamke huyo alikuwa amezipata kwa mwanawe, aliyekuwa Japani jeshini. Alimwalika kwenye mashindano ya dunia ya Machi 1952, ila alitaka kwanza kumwona akicheza kwa macho yake. Alipomwona hakuuliza tena.

Mwezi huo unastahili kutazamwa vizuri. Mkataba wa amani ulianza kutumika Aprili 28, 1952, kwa hiyo siku Katsura alipoinamia meza pale San Francisco nchi yake ilikuwa bado chini ya majeshi ya Marekani. Hakuna mwanamke aliyewahi kushindania taji la dunia la biliadi kabla yake. Magazeti yalimpokea kwa shangwe, lakini shangwe ya aina fulani: wembamba wake, kimo chake, mavazi yake. Alikuwa kioja kizuri cha kuuzia tiketi. Kwamba mwalimu wake Matsuyama naye alikuwamo kwenye mashindano hayohayo, na kwamba mwanafunzi alikuwa amekuja kufanya kazi aliyofundishwa, hilo halikuwavutia sana waandishi.

Bingwa alikuwa Willie Hoppe, mwenye umri wa miaka 64. Lilikuwa taji lake la 51 la dunia, na mwaka huohuo akastaafu. Katsura akawa wa saba kati ya kumi.

Mwaka 1953, Chicago, akawa wa tano. Mwaka 1954, Buenos Aires, akawa wa nne.

Saba, tano, nne. Nikizisoma namba hizo kwa mfuatano sioni kioja hata kidogo. Naona mtu anayepanda. Tatizo ni kwamba ngazi iliondolewa akiwa katikati. Kumbi za biliadi za miji ya Marekani zilikuwa zinafungwa, na vijana waliobaki walipenda zaidi meza zenye mashimo. Baada ya Buenos Aires miaka ikapita, wachezaji wa kulipwa wasiitwe tena kugombea taji kwa mtindo ule. Bingwa Harold Worst alibaki na ubingwa wake, na mwanamke aliyekuwa amebakiza hatua tatu hakuwa na mahali pa kuzipigia. Wanaosema kuwa Katsura alijitahidi kwa mwanamke wanasahau kuuliza ni wanaume wangapi wa wakati ule waliopata kuwa wa nne duniani.

Alipata nafasi moja tu baadaye. Mwaka 1961 alicheza na Worst kugombea taji hilo, akashindwa. Baada ya hapo akaondoka kimya kimya kwenye mchezo.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1976 aliingia ghafla katika ukumbi mmoja wa San Francisco, akaazima fimbo, na kupiga pointi 100 mfululizo katika ile biliadi ya kawaida isiyodai kingo. Kisha akairudisha fimbo, akatabasamu, akaenda zake. Baadaye alirejea Japani, akafariki mwaka 1995.