Nguvu farasi katika tambarare za Basotu

Shamba la ekari 10,000 linahitaji injini ya ukubwa gani? Wataalamu wa kilimo walilijibu swali hilo huko Hanang kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Jibu lao liliwahamisha watu, likawafikisha mahakamani, na likaacha makorongo ambayo hayajazibika.

Kabla ya hapo, nguvu ya kulimia katika wilaya ya Mbulu, ambayo Hanang ilikuwa sehemu yake, ilikuwa mkono wa mtu na shingo ya maksai. Wairaqw wa Kainam walilima miteremko mikali kwa jembe la mkono, wakirudisha samadi shambani msimu hadi msimu. Walipoanza kushuka kuelekea Karatu, Dongobesh na Haydom kutafuta ardhi, plau la ng'ombe likawafuata. Jozi ya maksai waliofunzwa vizuri hulima kama ekari moja kwa siku: hufungwa alfajiri na kufunguliwa jua linapokuwa kali. Kwa kaya yenye ekari tano au kumi, hesabu hiyo ilitosha. Mafuta yake yalikuwa nyasi, na fundi wake alikuwa mwenye ng'ombe mwenyewe.

Trekta zilizofuata hazikuwa kubwa. Massey Ferguson 135, iliyotoka kiwandani kuanzia 1964, ilikuwa na nguvu farasi 45 hivi, lakini ilivuta plau kwa namna iliyowashangaza waliozoea mashine nzito. Siri yake ilitoka kwa Harry Ferguson, aliyebuni mikono mitatu ya kufungia plau nyuma ya trekta pamoja na mfumo wa haidroli wa kuliinua na kulishusha. Plau likikutana na udongo mgumu, uzito wake hukandamiza magurudumu ya nyuma, nayo hushika ardhi vizuri zaidi. Kwa hiyo trekta nyepesi hufanya kazi ambayo zamani ilidai trekta nzito.

Dereva mzoefu hapimi nguvu kwa kusoma kibati kilicho ubavuni mwa injini. Hugeuka akatazama gurudumu la nyuma. Likizunguka bila kusonga mbele, injini ina nguvu ya kutosha ila inakosa mshiko. Hapo ataongeza maji ndani ya tairi ili kuongeza uzito. Lakini gurudumu likishika huku mlio ukididimia na moshi ukitoka mweusi, plau limezidi uwezo wa injini. Atalipandisha kidogo, au abadilishe gia. Ujuzi wa namna hiyo ulienea haraka. Kufikia miaka ya 1960, wakulima wenye mtaji katika Karatu na Basotu walikuwa wakilima ngano kwa trekta zao na kuwalimia majirani kwa malipo.

Ndipo ukaja mradi wa ngano wa Tanzania na Kanada. Shirika la umma la NAFCO lilianzisha mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Waret. Kila moja lilikadiriwa kuwa na ekari 10,000 hivi. Msaada wa Kanada ulikuwa na sharti la kununua bidhaa za nchi hiyo, hivyo zana nyingi zilitoka huko huko, kwenye mbuga za ngano ambako mkulima mmoja na familia yake huhudumia maelfu ya ekari.

Ukichukulia ukubwa wa shamba kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa, mantiki ya wataalamu haikuwa na kasoro. Mvua za Hanang hazisubiri. Tuseme dirisha la kulima na kupanda ni siku 40. Shamba moja litahitaji ekari 250 kila siku. Kwa maksai, hizo ni jozi 250. Kwa trekta ndogo inayolima ekari nane au kumi kwa siku, ni trekta zipatazo 30, kila moja na dereva wake, tangi lake na matatizo yake. Kwa trekta kubwa inayokokota zana pana na kumaliza zaidi ya ekari 100 kwa siku, mashine tatu zinatosha. Mwenye hesabu hiyo mkononi hawezi kuchagua maksai.

Kosa lilifanyika kabla ya hesabu kuanza. Tambarare zile hazikuwa tupu. Kwa wafugaji Wabarabaig zilikuwa muhajega, malisho bora kuliko yote katika mzunguko wao wa mwaka, ambayo mifugo iliingizwa kwa msimu na kuondolewa ili nyasi zipumzike. Mtaalamu aliyepita wakati ng'ombe wako kwingine aliona ardhi isiyotumika. Humo yalikuwamo pia makaburi ya wazee wao, vilima vya udongo viitwavyo bung'eda, na baadhi vilipitiwa na plau.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo na NAFCO ikabaki na shamba. Wabarabaig waliendelea kudai hata kwa kuwaandikia wananchi wa Kanada, na mwaka 1993 tume ya Jaji Robert Kisanga ilichunguza malalamiko ya ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo.

Nchi ilikuwa imekwisha kuonywa. Huko Kongwa, kuanzia 1947, Waingereza walileta mabuldoza na trekta zilizoundwa kutokana na vifaru ili walime karanga. Udongo mkali ulikula vyuma, na mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36. Hanang ilifanya vizuri kuliko Kongwa, kwa kuwa ngano ilipatikana kweli, na kwa miaka kadhaa mashamba haya yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini. Hata hivyo, kila mashine ilidai dizeli na vipuri vya fedha za kigeni, katika miaka ambayo nchi haikuwa nazo. Maeneo mapana yaliyoachwa wazi yalichimbwa na maji ya mvua. Kanada ilipojiondoa katika miaka ya 1990, NAFCO haikuweza kuyabeba mashamba. Baadaye mengine yalikwenda kwa wawekezaji na mengine yakarudi vijijini.

Kisha mizani ikaegemea upande wa pili. Chini ya sera ya Kilimo Kwanza, iliyotangazwa 2009, serikali ilihimiza pawatila, kijitrekta cha magurudumu mawili chenye nguvu farasi zisizofika 20. Kinafaa majaruba ya mpunga. Kwenye udongo mgumu wa nchi kavu huhangaika. Leo wakulima wengi wa Mbulu na Hanang wanategemea maksai na trekta za kati, nguvu farasi 50 hadi 80, ambazo mtu mmoja hununua na kijiji kizima hukodi. Ukubwa huo hawakupangiwa na mradi wowote. Unakwenda na mashamba yao, na mafundi wake wanapatikana karibu.

Tanzania bado inaagiza sehemu kubwa ya ngano yake, na Hanang inatajwa tena kila mipango ya zao hilo inapoandikwa. Wanaoiandika waanze na wazee wa Mulbadaw na Gawal: wawaulize ardhi ni ya nani na shamba liwe la ekari ngapi. Hesabu ya nguvu farasi ifuate baada ya hapo.