Shajara za Lou Sullivan na Ushahidi wa Nafsi ya Kwanza

Wasomaji wa tawasifu za Kiswahili wamezoea maisha yaliyosimuliwa baada ya kupita. Tippu Tip aliyasimulia ya kwake akiwa amekwisha kurudi Unguja, na Shaaban Robert aliandika Maisha Yangu akitazama nyuma alikotoka. Msimulizi wa namna hiyo anajua habari zake zimefikia wapi, na kwa kujua huyapanga mambo yaelekee huko. Shajara ni maandishi ya namna nyingine, kwa maana aiandikaye leo haijui kesho. Tofauti hiyo ndiyo inayozipa thamani shajara za Lou Sullivan, zilizoteuliwa na kuhaririwa na Ellis Martin na Zach Ozma, zikachapishwa Marekani mwaka 2019 kwa jina la We Both Laughed in Pleasure.

Sullivan alizaliwa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, mwaka 1951, akalelewa kama msichana katika nyumba ya Kikatoliki. Alianza kuandika shajara mwaka 1961, akiwa mtoto wa miaka 10, na kazi hiyo aliiendeleza hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1991. Mwaka 1973 alichapisha makala katika gazeti dogo la Milwaukee, akijieleza kwa jina lililokuwapo wakati ule, yaani mwanamke avaaye mavazi ya kiume. Mwaka 1975 alihamia San Francisco, na kabla ya muongo ule kwisha alikuwa akijiita mwanamume, tena mwanamume apendaye wanaume. Mabadiliko hayo ya majina si kigeugeu. Ni juhudi ya mtu kutafuta neno ambalo lugha yake ilikuwa bado haijampa.

Wala juhudi hiyo haikuwa mchezo wa maneno. Katika miaka ile, aliyetaka msaada wa madaktari ili aubadili mwili wake alipaswa kwanza kuwaeleza maisha yake, nao walikuwa na kielelezo chao: aliyezaliwa mwanamke akataka kuwa mwanamume, sharti apende wanawake. Wako waliokijua kielelezo hicho, wakakisimulia kama walivyotakiwa ili wakubaliwe. Sullivan alisema kweli yake, na mwaka 1980 kliniki ya Chuo Kikuu cha Stanford ikamkataa. Kwa hesabu ya wataalamu hao, mtu kama yeye hakuwapo. Ilimbidi atafute matibabu kwa madaktari wengine.

Hapa ndipo mwanahistoria apaswapo kupima ushahidi. Maisha yanayosimuliwa mbele ya mwenye mamlaka ya kukubali au kukataa hunyooshwa, na yasiyotakiwa hufichwa. Shajara haikuandikwa kwa hakimu huyo. Tamaa, shaka, furaha na mashauri ya mtu na nafsi yake vimo humo kwa tarehe zake, miaka mingi kabla ya kliniki kuuliza swali lolote. Jambo lililodaiwa kuwa haliwezekani limeandikwa humo siku baada ya siku.

Kwa mwanaisimu liko jambo jingine. Mwandishi wa shajara hutumia nafsi ya kwanza, na nafsi hiyo haitaji jinsia, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Ni pale mtu mwingine anapomsimulia ndipo Kiingereza hudai uchaguzi katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Kiswahili hakidai hivyo: aliandika, alipenda, alikufa, vyote vyamfaa mtu yeyote. Lakini mfasiri asidhani kwamba amepata nafuu kamili. Jinsia iliyokosekana katika kiambishi humngojea katika majina ya ujamaa, kama kaka na dada, na katika kitenzi cha ndoa, ambapo mazoea humfanya mwanamume aoe na mwanamke aolewe. Uchaguzi haukuondoka, umehama mahali.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kitabu hiki ni mateuzi. Miaka 30 ya maandishi imeingizwa katika juzuu moja, na wahariri ndio walioamua kipi kibaki. Maandishi yenyewe yamehifadhiwa San Francisco, katika chama cha historia ambacho Sullivan alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwaka 1985.

Hifadhi hiyo haikutokea kwa bahati. Mwaka 1986 alianzisha kikundi cha watu waliohama kutoka uanauke kwenda uanaume, na mwaka huo huo akaambiwa kwamba ameambukizwa virusi vya UKIMWI. Katika miaka aliyobakiwa nayo alimaliza kitabu juu ya Jack Bee Garland, aliyezaliwa mwanamke mwaka 1869, akaishi kama mwanamume hadi alipokufa mwaka 1936. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1990, miezi michache kabla ya kifo cha mwandishi. Katika kuyatafiti maisha ya Garland, Sullivan alijua shida ya kumtafuta mtangulizi ambaye maneno yake mwenyewe yamesalia machache. Yeye aliyaacha ya kwake, kwa mkono wake, ili atakayekuja nyuma asiambiwe tena kwamba mtu wa namna hiyo hakupata kuwapo.