Namba Kamili Kubwa

Namba kamili kubwa, kwa maana ya kiprogramu, ni namba isiyo na desimali ambayo haienei katika nafasi inayoshughulikiwa na prosesa kwa mkupuo mmoja. Ukubwa huo una mpaka unaojulikana. Penye biti 64, biti moja ikitumika kuonyesha chanya au hasi, namba hukomea 9,223,372,036,854,775,807. Ikiongezwa moja tu, imeshakuwa kubwa kwa maana ya istilahi hii. (Kenya husemwa zaidi nambari kamili, ni kitu kilekile.)

Kuvuka mpaka huo huitwa kufurika. Faktoria ya 20, yaani zao la namba zote kuanzia 1 hadi 20, ni 2,432,902,008,176,640,000, nayo inaenea. Faktoria ya 21 ni 51,090,942,171,709,440,000, zaidi ya mara tano ya mpaka. Programu ya Java inayotumia aina ya kawaida ya biti 64 itatoa −4,249,290,049,419,214,848. Namba chanya tupu zimezidishwa, jibu limetoka hasi, wala hakuna onyo. Heri programu isimame kuliko kuendelea kimya na jibu la uongo. Lakini nako kusimama kuna gharama pasipoandaliwa njia ya kulishughulikia kosa: tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliteketea sekunde zipatazo 40 baada ya kuruka, kwa kuwa thamani inayohusiana na mwendo wake wa mlalo ililazimishwa kuingia katika biti 16, ambazo mwisho wake ni 32,767, na kompyuta za uelekezaji zikazimika.

Suluhisho ni kuikata namba vipande na kuvipanga katika kumbukumbu. Python hufanya hivyo yenyewe, kwa kawaida kila kipande kikiwa na biti 30. Java ina aina ya BigInteger. Hapo mpaka hauwekwi tena na prosesa, unawekwa na kumbukumbu iliyopo. Kujumlisha ni rahisi: vipande hujumlishwa kuanzia kile cha thamani ndogo, na kinachozidi hupelekwa kwenye kipande kinachofuata.

Kuzidisha ndiko kwenye kazi. Kwa njia ya shuleni, tarakimu zikiongezeka maradufu, kazi huwa mara nne. Mwanahisabati Andrey Kolmogorov aliamini hakuna njia ya haraka zaidi, hadi mwaka 1960 kijana Anatoly Karatsuba alipoipata, mjini Moscow. Chukua 47 × 52. Zidisha 4 × 5, upate 20. Kisha 7 × 2, upate 14. Halafu zidisha majumlisho, (4 + 7) × (5 + 2), upate 77. Toa 20 na 14, inabaki 43. Jibu ni 2000 + 430 + 14, yaani 2444. Mazao manne yamekuwa matatu, na kwa namba zenye maelfu ya tarakimu upunguzaji huo hurudiwa ndani ya kila nusu.

JavaScript inahitaji uangalifu wa pekee. Namba zake za kawaida huaminika hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Kupita hapo, namba mbili jirani zaweza kuhesabiwa kuwa moja. Tangu 2020 lugha hiyo ina BigInt, inayoandikwa kwa kuweka herufi n mwishoni mwa namba. Vitambulisho virefu vya hifadhidata vinavyopelekwa kwenye kivinjari kwa JSON ni salama zaidi vikiandikwa kama matini, ndani ya alama za kunukuu.